Mkutano Umeisha, Sasa Nani Anafanya Nini?

(Haya ni mazungumzo niliyotoa mbele ya vijana wetu wa kujitolea. Wengi mliomba niyaandike. Nimeyaacha karibu vile nilivyoyasema.)

Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti viko, msikae mlangoni kama mnaongoja matatu.

Nimeambiwa niongee juu ya Zoom na jamaa zake. Najua mnachofikiria: Zoom nani haijui? Tangu 2020 tumesoma kwa Zoom, tumefanya intavyuu za kazi kwa Zoom, nyanya yangu amehudhuria nikahi kwa Zoom akiwa jikoni anakuna nazi. Sawa. Lakini kujua kuingia ni kitu kimoja, na kutoka na kazi imefanyika ni kitu kingine. Wacha niwape kisa ambacho sijivunii.

Kuna kijana wa mtaani kwetu alikuwa ndani. Siku ya Jumatatu korti ikampa dhamana. Alichohitaji ni mdhamini mmoja aende na kitambulisho na logbuku ya gari, karatasi zikaguliwe, atoke. Mzee wa kumdhamini alikuwepo, ameshakubali. Usiku ule tukafanya mkutano wa Zoom, watu 23. Tukaongea sana. Mtu akasema, "mimi nitampigia mzee," na sauti ilikuwa inakatika-katika. Dakika 40 zikafika, mkutano ukafungwa kama kawaida ya akaunti ya bure. Tuliorudi kwa linki ya pili tulikuwa 14. Tukaendelea na mambo mengine, tukaagana vizuri, tukalala.

Mzee hakupigiwa na mtu. Mimi nilidhani ni fulani, fulani alidhani ni mimi, na aliyesema kweli hakurudi baada ya linki kukatika, akadhani jambo limepewa mwingine. Ijumaa jioni mama wa kijana akanipigia akiuliza mbona mwanawe bado yuko ndani. Korti imefungwa. Alitoka Jumatatu iliyofuata. Hesabu mwenyewe: usiku sita, kwa sababu ya simu moja ambayo watu 23 tulikubaliana ipigwe.

Hakuna mtu hapo aliyekuwa mvivu. Tatizo ni kwamba makubaliano yetu yaliishi hewani, na hewa ilipokatika yakaenda nayo. Kwa hivyo kitu cha kwanza nataka mjue leo hakiko ndani ya Zoom kabisa. Ni ule ukurasa mnaoandika pamoja mkiwa kwenye mkutano.

Fungua kivinjari, andika docs.new, na karatasi mpya ya Google inafunguka papo hapo. Mwite mtu mmoja awe mwandishi. Yeye ashiriki skrini, na kila mnachokubaliana akiandike nyote mkiona. Mkisikia "tutampigia mzee," mwandishi asiandike hivyo. Aulize: nani? lini? Mpaka apate jina moja na siku. "Tutampigia" haina mwenyewe, jamani. Kiswahili kina hiyo "tu-" tamu sana, na ndiyo inayotuangusha kila siku.

Jina likishapatikana, kuna kitu wengi hamjakitumia. Chagua ile sentensi, weka maoni pembeni, andika alama ya @ na barua pepe ya mhusika. Patatokea kisanduku cha kumkabidhi kazi. Kiweke tiki. Yeye atapata barua pepe inayomwambia hii ni yako, hata kama alikatika dakika ya tano akiwa kwenye feri. Akimaliza anabonyeza kuwa amemaliza, na wote mnaona. Hii ni bure. Na mtu akifuta kitu kwa bahati mbaya, ama kwa makusudi, historia ya ule ukurasa inaonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi, na mnaweza kurudisha ya zamani.

Mtaniuliza, kwani grupu ya WhatsApp ina makosa gani? Haina makosa. WhatsApp ni baraza. Barazani mnaongea, mnacheka, mnatumiana picha za biriani. Lakini nenda utafute barazani kile mlichokubaliana Jumanne. Utapita kwenye "Ameen" mia mbili kabla hujakipata.

Hata hivyo muwe waangalifu na ule ukurasa. Usiuweke uwe wazi kwa kila mwenye linki. Ongeza watu mmoja mmoja kwa barua pepe zao, na wasiohitaji kuhariri wape ruhusa ya kutazama tu. Na kama ni mambo ya familia ya mtu au shahidi, usiandike jina lake kamili. Tumieni namba mnayoijua nyinyi.

Sasa turudi kwa Zoom yenyewe. Dakika 40 mnazilalamikia, mimi nimezipenda. Google Meet ya bure inawapa saa moja mkiwa watatu au zaidi, mkitaka mkae huko. Lakini angalieni: kwetu Pwani kati ya Maghrib na Isha kuna kama saa moja na kidogo. Ukishaswali, dakika 40 zinaingia hapo vizuri, na hakuna anayeanza kutoka mmoja mmoja kimya kimya adhana ikiita. Tangu kile kisa mikutano yetu inaanza na swali la mwisho: leo tunataka kutoka na maamuzi gani? Ni mawili au matatu, hayazidi. Dakika ya 30 mwandishi anasoma majina na kazi kwa sauti, kila mtu anajibu "yangu." Kabla linki haijakatika, sio baada.

Bando. Hili najua linawauma. Zoom wenyewe wanaeleza kuwa sauti peke yake inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde. Piga hesabu, haifiki megabaiti 40 kwa saa nzima. Video ya kikundi inaweza kuhitaji 600 au zaidi kwa sekunde, hapo umeshapita megabaiti 250 kwa saa, na hiyo ni ya kupokea tu. Kwa hivyo salimianeni kwa video, muonane nyuso, halafu zimeni. Na kuzima kamera yako hakutoshi, kwa sababu bado unapokea picha za wengine. Kwenye Zoom tafuta kitufe kilichoandikwa "Stop Incoming Video". Mkubwa wa mkutano asimlazimishe mtu kuwasha kamera. Dada mwingine yuko nyumbani hajajifunga, kaka mwingine yuko chumba kimoja na wadogo zake wanne. Muache aongee, ndiyo muhimu.

Ukitumia kompyuta, zima maiki, halafu ukitaka kusema neno shikilia ule mstari mrefu wa kuachia nafasi. Maiki inawaka ukishikilia, inazima ukiachia. Jogoo wa jirani hatatoa hoja tena.

Kushiriki skrini: shiriki dirisha moja, usishiriki skrini nzima. Kuna ndugu yetu alikuwa anaonyesha bajeti kwa wafadhili, ujumbe wa Fuliza ukateremka juu ya skrini. Wafadhili walijua kusoma.

Halafu usalama. Mnakumbuka 2020 watu wakiingia kwenye mikutano ya wengine na kutupa picha chafu? Ndiyo sababu Aprili mwaka ule Zoom waliwasha nywila na chumba cha kusubiri bila mtu kuomba. Msivizime kwa sababu ya haraka. Linki ya mkutano wa ndani haiwekwi kwenye ukurasa wa wazi, hata kama tunataka watu waje wengi.

Na kurekodi. Sauti ya mtu na uso wake ni data yake binafsi, na Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Usibonyeze kurekodi kwanza kisha ukaomba radhi. Sema unataka kurekodi, kwa sababu gani, itakaa wapi, na nani ataiona. Mtu akikataa, zima, chukua maandishi. Siku hizi kuna programu za AI zinazoingia mkutanoni kama mtu, zina jina na kila kitu, zinaandika maneno yote na kuyapeleka kwenye mitambo ya kampuni nyingine. Kwa mkutano wa kupanga mashindano ya mpira, sawa. Kwa mkutano ambao mama anasimulia mwanawe alivyochukuliwa usiku, mwandishi awe binadamu. Ukiona jina usilolijua kwenye chumba cha kusubiri, uliza kabla ya kufungua.

La mwisho, kwa wanaofuatilia kesi. Tangu korona korti zetu zinasikiza mambo mengi kwa Microsoft Teams, na mara nyingi linki iko kwenye orodha ya kesi za siku. Familia inaweza kusikiliza bila nauli ya kwenda na kurudi. Ingia mapema, andika jina lako halisi na namba ya kesi, hakikisha maiki imezimwa. Ile ni korti kamili hata kama wewe uko kitandani, kwa hivyo usiwe kitandani.

Haya, toeni simu. Kila meza ifungue ukurasa mmoja, mchague mwandishi kabla sijamaliza kunywa haya maji. Tuna kijana mwingine anatajwa Alhamisi, mdhamini wake anaishi Likoni na logbuku iko kwa shemeji yake Malindi. Nataka kusikia nani anamfuata shemeji.