Mtoto Husoma Kwanza kwa Masikio



Jioni ikiingia hapa Mkolani, wazazi wanarudi nyumbani wamechoka. Mtoto wa darasa la kwanza huulizwa swali moja tu: "Umemaliza kazi za shule?" Akijibu ndiyo, mambo yamekwisha. Wiki hii ninaomba tumwongezee robo saa kabla hajalala, tumsomee hadithi kwa sauti.

Wapo watakaosema kuwa hiyo ni kazi ya mwalimu. La hasha! Mwaka 2010 tathmini ya Uwezo, iliyowapima watoto majumbani mwao, ilionyesha kuwa takriban watatu tu kati ya kila kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 Serikali ilianzisha mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliokazania KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Hatua hiyo ni njema. Lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kumsomea kila mtoto peke yake.

Hebu tufikiri. Mtoto anayeunganisha "ba" na "ba" hufurahi kwa sababu baba anamjua. Je, akikutana na neno "ghadhabu"? Atalitamka vizuri, lakini halitamwambia kitu. Maneno ya nyumbani ni mafupi: njoo, leta maji, funga mlango. Tena hapa kwetu watoto wengi husikia Kisukuma nyumbani na Kiswahili cha mtaani njiani. Kiswahili cha vitabuni hukingoja mpaka darasani. Anayesomewa hadithi hukizoea mapema, pamoja na sentensi zake ndefu na mpangilio wa kisa. Siku atakapokikuta kwenye karatasi hakitakuwa kigeni kwake.

Wengi wetu tuliokua na Radio Tanzania Dar es Salaam tunakumbuka kipindi cha Mama na Mwana na sauti ya Deborah Mwenda. Kilitufundisha kutulia na kusikiliza. Hata hivyo, redio haisimami mtoto anapouliza kwa nini Fisi amedanganywa tena. Mzazi anaweza kusimama, akamrudishia swali: "Wewe unafikiri kwa nini?" Anaweza pia kumwonyesha neno kwa kidole. Na mtoto akitaka hadithi ya jana irudiwe, irudiwe. Kurudia ndiko kunakomkaza maneno kichwani.

Mzazi asiyejua kusoma naye asijitoe. Dada au kaka wa darasa la tano asome, mama asikilize na kuuliza maswali. Watanufaika wote wawili, msomaji na mdogo wake. Bibi naye asimulie ngano zake kwa Kisukuma, kwani kufuata kisa tangu mwanzo hadi mwisho ni mazoezi ya akili katika lugha yoyote.

Vitabu vipo. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia kuchapishwa kwa hadithi nyingi za Kiswahili. Kama fedha ni haba, majirani watano wanunue kitabu kimoja kila mmoja, kisha wabadilishane.

Sisi wa kando ya ziwa tunaujua usemi huu vizuri: samaki mkunje angali mbichi. Tuanze usiku wa leo.