Chama Kinaposikiliza, Nani Anatibu?

Wapo wanaolalamika kwamba siku hizi kila jambo ni la mshauri nasaha. Tutazame Eastlands, jijini Nairobi. Jumapili alasiri, mtaani Umoja, chama cha akiba kimemaliza kuhesabu michango. Daftari limefungwa, chai inapoa vikombeni. Mama mmoja hajatoa mchango mwezi wa tatu sasa, wala hakuna anayemkaripia. Wenzake wawili wanabaki naye, wakimsikiliza, hadi giza linaingia. Hiyo nayo ni tiba, ingawa haina cheti ukutani.

Lakini tusijidanganye: chama hakiponyi kila donda. Mwaka wa 2020 jopokazi la serikali ya Kenya lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Na hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, aliyejaribu kujiua angeweza kupelekwa kizimbani badala ya hospitalini.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza kama tumezidisha ushauri nasaha, tuulize umemfikia nani. Jirani asikilize kwanza. Mtaalamu awe karibu, kwa bei anayoimudu mkazi wa mtaa kama Kayole. Na kama kinachomsumbua mtu ni kodi ya nyumba? Hiyo hailipwi kwa mazungumzo.