Mnong'ono wa Joto la Kale Angani

Chanzo cha ulimwengu hakiwezi kurudiwa maabara, na kwa hiyo nadharia inayokieleza hupimwa kwa njia moja tu: kutazama kama yale inayodai yaonekane angani leo yapo kweli.

Mwaka 1948 nadharia mbili zilishindana, zote zikikubali kwamba galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, zinazidi kutengana. Ya mlipuko mkuu ilishikilia kwamba ulimwengu ulianza ukiwa wa moto na uliosongamana mno, ukatanuka na kupoa. Ralph Alpher na Robert Herman wakakokotoa kwamba masalia ya joto hilo yangali yameenea kila upande, yakiwa na takriban kelvini 5, kipimo ambacho sifuri yake ni baridi isiyoweza kuzidi. Ya hali ya kudumu, iliyotetewa na Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold, ilidai kwamba ulimwengu hauna mwanzo, bali maada mpya huzaliwa kidogo kidogo na kujaza nafasi zinazoachwa. Nadharia hii inastahili heshima, kwa sababu ilisema waziwazi mambo ambayo vipimo vingeweza kuyakanusha.

Mnamo 1964, huko Holmdel, Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson walisikia katika antena yao mvumo usiokoma, unaofanana na ule unaosikika redioni pasipo na stesheni, ambao haukubadilika kwa saa, majira wala upande wa anga. Waliwaondoa njiwa waliojenga kiota humo, wakasafisha kinyesi chao, wakakagua viungo vya mitambo. Mvumo ukabaki palepale. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Princeton, waliokuwa wakijiandaa kuyatafuta masalia ya joto la mwanzo, ndio waliotambua kwamba mvumo huo ungeweza kuwa masalia hayo.

Hata hivyo, mvumo peke yake haukutosha kuthibitisha nadharia ya mlipuko mkuu, kwani mnururisho wa joto lililotokana na maada iliyosongamana hufuata mchoro maalumu wa nguvu katika kila urefu wa wimbi, na mchoro huo ndio uliohitaji kupimwa. Setilaiti ya COBE, iliyorushwa mwaka 1989, iliukuta ukilingana na hesabu kwa usahihi wa ajabu, katika joto la takriban kelvini 2.7, na mwaka 1992 ikatangazwa kuwa imegundua tofauti ndogo mno za joto, kiasi cha sehemu 1 kwa 100,000, zinazoonyesha mbegu za galaksi za leo.

Kufikia wakati huo, wanaastronomia wengi walikuwa wamekwisha kuiacha nadharia ya hali ya kudumu. Hoyle, hadi kifo chake mwaka 2001, hakuukubali mlipuko mkuu.