Wadudu Walinzi na Dawa Zisizo Kali katika Bustani za Ukingo wa Mweru

Mada iliyotolewa katika semina ya mabwana shamba na wakulima wa mboga, Mununga



Nimeombwa nianze na maana ya udhibiti husishi wa visumbufu. Kila aliyemo humu ameshaiandika daftarini, kwa hiyo naipitia haraka: ni kutumia njia kadhaa kwa pamoja, dawa iwe ya mwisho, na iwe ile isiyowamaliza wadudu wanaotusaidia.

Kwamba mdudu hulinda zao, muhogo ni shahidi. Kidung'ata wa muhogo alitoka Amerika ya Kusini, akaonekana kwa jirani zetu wa Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1981 adui yake, nyigu mdogo aitwaye Anagyrus lopezi, alipatikana Paraguay. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA ikamleta Nigeria, kisha akasambazwa nchi nyingi, Zambia ikiwamo. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alitunukiwa tuzo ya World Food Prize mwaka 1995. Mkulima hakutoa hata ngwee. Kwa hiyo anayetaka kupulizia muhogo dawa kali kwa ajili ya nzi weupe ajue atamuua na nyigu huyo.

Dawa na mdudu vinaweza kufanya kazi pamoja. Zanzibar na pwani ya Tanzania, sisimizi wa miti waitwao majimoto hulinda minazi dhidi ya kunguni wanaodondosha vidaka. Lakini sisimizi wengine wa ardhini huwafukuza majimoto. Watafiti wa minazi wakatega chambo chenye sumu kwa ajili ya sisimizi hao peke yao, majimoto wakapata nafasi ya kuenea. Sumu ilikwenda pale tu ilipohitajika.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta, nalo ni mmea wa utupa, ambao hapa mnauita ububa.

Mkulima wa kabichi na nyanya huku anaingia dukani na kuuliza dawa inayoua kila kitu, na anapewa. Akipulizia, vidukari wanakufa, na wadudu kibibi wanaowala wanakufa pia. Vidukari huzaa upesi kuliko kibibi, kwa hiyo wanarudi wao kwanza, na mkulima anarudi dukani. Wengine humuua kibibi kwa mkono kwa kutomjua: mtoto wake ni mweusi, mrefu, ana madoa ya rangi ya chungwa na hana mabawa. Ukimwona juu ya jani lenye vidukari, mwache ale.

Utupa umejaa pembeni mwa mashamba yetu. Utafiti wa mazao ya kunde uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa maji ya mimea kama utupa yalipunguza visumbufu na kuongeza mavuno bila kuwadhuru wadudu wenye faida. Sumu yake huharibika upesi juani, ndiyo maana tunapulizia jioni, nyuki wakiwa wamerudi. Majani hukaushwa, hutwangwa, huloekwa usiku kucha kwenye maji yenye sabuni kidogo, kisha huchujwa.

Shida ni mbili, na nimezizungumzia hadi nimechoka. Ya kwanza, kuna utupa wa aina mbili: mmoja una sumu hiyo, mwingine hauna, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Mbegu zimegawiwa miaka mingi kwa ajili ya kurutubisha udongo, na mgawaji hakuulizwa ni utupa gani. Mkulima anapulizia maji matupu kisha anatuambia dawa za asili ni hadithi. Namlaumuje?

Ya pili ni samaki. Utupa ni sumu ya kuvulia, na sheria ya Zambia inakataza kuvua kwa sumu. Nimeshauri utupa kwenye ofisi za kilimo, nikaambiwa nisubiri ushauri wa wenzao wa uvuvi. Nimekwenda kwa hao wenzao, nikaambiwa hilo ni jambo la kilimo. Hofu yao ina msingi, sikatai: bomba la kupulizia likioshewa mtoni Kalungwishi, dawa isiyo kali kwa kibibi ni kali kwa samaki. Lakini dawa za dukani huoshewa mtoni humo humo, na nyingi zinaua samaki vilevile.

Napendekeza, kwa heshima, yafuatayo. Utupa ujaribiwe kabla ya kugawiwa: pulizia jani lenye vidukari, linganisha na jani lililopuliziwa maji ya sabuni tu. Mbegu zichukuliwe kwenye mti uliofaulu. Bomba lioshewe shambani, mbali na maji, iwe ni utupa au dawa ya duka. Tupulizie mmea ulioshambuliwa tu, jioni. Mkulima akague kibibi kabla ya kushika bomba. Akiwakuta wengi, asubiri. Muhogo usipuliziwe, narudia. Wenye maduka waweke dawa ya bakteria inayoua viwavi pekee, kwa maana hatuwezi kumlaumu mkulima kwa kununua kilichopo. Na utupa ujaribiwe kwanza; hilo nimelisema, nalisema tena.

Semina ijayo ifanyike bustanini, asubuhi na mapema, na ofisa uvuvi aalikwe kwa barua rasmi, nakala ofisi ya kilimo.