Nani Anahesabiwa Kuwa Ametoa?

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kujitolea kwa ajili ya Maendeleo Endelevu. Kama ilivyokuwa mwaka 2001, ulipoadhimishwa mwaka wa kujitolea kwa mara ya kwanza, hotuba zitatolewa, vyeti vitagawiwa, na wataalamu watachapisha majedwali ya kuonyesha watu wa nchi gani hutoa sana na watu wa nchi gani hutoa kidogo. Hotuba hazina ubaya. Majedwali ndiyo yanayohitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu jedwali likisha kuchapishwa halisomwi na wataalamu peke yao. Husomwa pia na wale wanaoamua nani asaidiwe, nani aachwe ajitegemee, na nani aombwe kuongeza mchango wake.

Mjini Bujumbura uko mtaa ambao ungefaa kuwa shule ya jambo hili. Nao ni mtaa wa Asiatique. Jina lenyewe ni la Kifaransa, maana yake ni "wa Asia", na ni masalio ya utawala wa Wabelgiji, ambao waliugawa mji wa Usumbura kwa rangi za watu: Wazungu mahali pao, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu mahali pao, na Waafrika katika mitaa ya Buyenzi na Belge, ambao leo huitwa Bwiza. Burundi ilijitawala mwaka 1962, na Usumbura ukawa Bujumbura, lakini jina la Asiatique halikuondoka. Wengi wa watu waliosababisha mtaa uitwe hivyo wamehama katika nyakati mbalimbali za misukosuko. Maduka, maghala na nyumba za ibada vimebaki, na si mbali na hapo iko Buyenzi, ngome ya Kiswahili katika Burundi.

Wenye maduka wa mitaa ya namna hii, si Bujumbura tu bali katika miji mingi ya Afrika Mashariki, wanaijua Ijumaa. Fedha ndogondogo huwekwa tayari karibu na sanduku la mauzo, na waombaji hupita mlango hata mlango. Hiyo ni sadaka inayoonekana. Nyuma yake ziko nyingine zisizoonekana. Iko zaka, sehemu moja katika arobaini ya mali iliyotimiza kiwango na kukaa mwaka mzima. Iko khumsi ya Mashia Ithnaasheri, sehemu moja katika tano ya ziada ya pato la mwaka. Wako Waismailia na fungu wanalolipeleka katika jamaatikhana. Kuna fitri ya mwisho wa Ramadhani, ambayo hata maskini mwenye chakula cha siku hiyo hutakiwa kuitoa. Tena yako mambo ambayo hayana jina la kidini hata kidogo: mlinzi wa ghala anayekopeshwa ada ya shule ya mtoto na asidaiwe tena, mchukuzi anayefiwa, na wachukuzi wenzake wakachanga sanda na usafiri kabla jua halijatua.

Sasa aje mtafiti na karatasi yake. Taasisi ya Uingereza iitwayo Charities Aid Foundation ilianza mwaka 2010 kutoa orodha ya nchi kwa ukarimu, na kwa miaka mingi orodha hiyo ilijengwa juu ya maswali matatu. Je, katika mwezi uliopita ulimsaidia mtu usiyemjua? Je, ulitoa fedha kwa shirika la hisani? Je, ulilipa shirika muda wako? Ni maswali mepesi, na kwa haki yake lazima isemwe kwamba yameipandisha Kenya mara kwa mara miongoni mwa nchi za juu kabisa, jambo lililowashangaza wale waliodhani kwamba ukarimu hufuata utajiri. Lakini wachukuzi waliozika wangejibu nini? Marehemu wanamjua, shirika hawana. Wangejibu "hapana" mara tatu, nao wangekuwa wamesema kweli.

Shirika la Kazi Duniani lilijaribu kufanya vizuri zaidi. Mwongozo wake wa mwaka 2011 ulieleza kwamba kazi ya kujitolea ni kazi isiyo na malipo wala isiyo ya lazima, ambayo mtu huifanya kwa kupitia chama, au kwa kuwasaidia moja kwa moja watu walio nje ya kaya yake. Hapo msaada wa jirani kwa jirani ukapata mlango wa kuingilia. Lakini mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, uliofanyika Geneva, ulirudisha komeo nusu: kazi anayofanyiwa ndugu, hata kama anaishi katika nyumba nyingine, haihesabiwi kuwa ya kujitolea. Imewekwa katika fungu la kazi za matumizi ya nyumbani, pamoja na kupika na kufua.

Wanatakwimu wana sababu zao, na sababu hizo si za kipuuzi. Pasipo mpaka, kila sahani ya ugali ingeandikwa kuwa hisani. Lakini mpaka uliochorwa kwa kufuata nyumba ya baba, mama na watoto wawili una matokeo ya ajabu ukiletwa katika Buyenzi. Mnamo Februari 2025, na tena Desemba mwaka huohuo, vita vya Kivu vilivuka kutoka Goma na Bukavu hadi Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Kutoka Uvira hadi Bujumbura ni mwendo wa saa moja kwa gari, na koo za pande hizo mbili zimeoana tangu zamani. Mwanamke wa Buyenzi anayepeleka sufuria ya uji penye wakimbizi asiowajua anahesabiwa. Akimkuta shangazi yake katika kundi hilo, akamchukua pamoja na watoto watano, akawalaza sebuleni kwa miezi minne, msaada wake umekuwa mkubwa mara mia, na katika jedwali umetoweka. Umehesabiwa pamoja na kufua.

Ugomvi huu ni wa zamani kuliko takwimu. Mahakama za Waingereza zilikwisha kuupigania juu ya wakfu. Katika sheria ya Kiislamu mtu anaweza kuiweka nyumba yake wakfu kwa ajili ya kizazi chake, na maskini wakawa warithi wa mwisho kizazi kikikatika. Kumpa jamaa mhitaji ni sadaka yenye thawabu mbili, ya kutoa na ya kuunga udugu. Mwaka 1894 majaji wa Baraza la Faragha mjini London, katika kesi kutoka India, waliona kwamba zawadi kwa kizazi cha mtu mwenyewe si hisani, na fungu la maskini ni kisingizio tu. Waislamu wa India walipinga hadi ikatungwa sheria ya mwaka 1913 ya kuurudishia wakfu huo nguvu. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950 Baraza lilelile lilitumia kipimo kilekile katika rufani iliyotoka Afrika Mashariki. Kwa jaji wa London, ndugu hakuwa maskini wa kusaidiwa. Kwa mwenye nyumba wa pwani, maskini wa kwanza ndiye ndugu.

Wako watafiti waliokataa kipimo hicho. Mwaka 2005 Susan Wilkinson-Maposa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Msumbiji, Namibia, Afrika Kusini na Zimbabwe. Badala ya kuuliza mashirika, walikaa na maskini wakawauliza nani huwasaidia, kwa nini, na kwa kitu gani. Walikuta kwamba maskini husaidiana wao kwa wao kwa utaratibu unaojulikana, wenye kanuni, na wenye adhabu kwa anayepokea asirudishe. Wala uchunguzi wa mashirika yenyewe haukosi mafunzo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba katika Tanzania karibu robo tatu ya nguvukazi ya vyama visivyo vya faida ilikuwa ya watu wasiolipwa, hali katika Kenya waliolipwa ndio waliokuwa wengi.

Je, basi yote yanayofanywa kwa udugu yasifiwe? La, hasha. Profesa Lester Salamon, aliyeongoza utafiti huo wa Johns Hopkins, alikwisha kuandika mwaka 1987 juu ya kasoro za hisani ya watu binafsi, na kasoro mojawapo ni kwamba kila kundi huwatazama walio wake. Mtaa wa Asiatique unaweza kutumika kama kielelezo. Jamaa yenye msikiti wake, mazishi yake na mfuko wake wa wagonjwa inaweza kumtunza mjane wake kwa heshima kubwa, hali mjane wa upande wa pili wa ukuta, asiye na dhehebu wala ukoo mjini, hana mlango wa kugonga ila siku ya Ijumaa. Tena mwenye mali ndiye anayeamua nani anastahili. Anayepokea hana kikao cha kuuliza hesabu. Msaada wa namna hiyo humpa mtu chakula na kumwachia deni la unyonge.

Burundi inayo mila nyingine, ikibiri, ambayo kwayo watu wa kilima kimoja hukusanyika kulima shamba la mmoja wao au kumjengea nyumba, zamu kwa zamu. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Burundi, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kilijipanga upya juu ya msingi unaofanana na huo: vikundi vya wanaojitolea katika vilima, wasiongoja posho kutoka makao makuu, wakiwalimia wazee, kukarabati nyumba na kuwapeleka wagonjwa hospitali. Wanachama hao walifika mamia ya maelfu. Hapo anayesaidiwa si lazima awe ndugu wala mwumini mwenza. Anatazamwa shida yake. Ni lazima pia kutenganisha ikibiri na kazi inayoamriwa. Katika Rwanda, sheria ya mwaka 2007 iliifanya umuganda kuwa wajibu wenye faini, na ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani, kwa neno lake "isiyo ya lazima", unaiacha nje. Kwa hili mwongozo una haki. Mchango unaodaiwa na mwenye mamlaka, mtu akiogopa kukosa karatasi fulani asipoutoa, ni kodi isiyo na stakabadhi.

Mambo haya yangebaki kuwa mjadala wa vyuo vikuu kama si hali ya fedha. Jumuiya ya Ulaya ilisimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali ya Burundi mwaka 2016, ikaufungua mwaka 2022. Mwaka 2018 mashirika ya nje yalisimamishwa kwa miezi mitatu, na baadhi yao hayakuendelea. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID. Kila pengo la namna hiyo linapotokea husikika sauti, ndani na nje, zikisema kwamba wananchi nao sasa wachangie. Neno "sasa" ndilo lenye kosa. Mwanamke wa Buyenzi mwenye wageni sita sebuleni hana akiba ya ukarimu iliyolala ikingoja kampeni. Ametoa hadi mwisho wa uwezo wake, na jedwali linalomwonyesha kuwa hajatoa kitu litampelekea ombi la mchango badala ya gunia la mchele.

Karatasi ya maswali inaweza kubadilishwa bila gharama kubwa. Badala ya kuuliza juu ya shirika na mtu asiyejulikana, iulize kwa Kirundi na kwa Kiswahili: katika mwezi uliopita, nani amekula kwako ambaye hakulala kwako mwaka jana? Umechangia mazishi mangapi? Ulipopatwa na shida, ulibisha hodi kwa nani? Na wale wanaojibu kwamba hawana wa kumbishia hodi, waandikwe katika orodha yao peke yao, mtaa kwa mtaa, kuanzia Asiatique hadi Buyenzi.