Matangazo ya Mnara Ndani ya Simu

Wasikilizaji wetu watukufu wa Ilongero, ndani ya mipangilio ya simu zenu, mara nyingi katika sehemu ya usalama na dharura, imesitirika huduma ambayo wengi huipita bila kuijali: matangazo ya mnara, yaani ujumbe uenezwao kwa mara moja kwa kila simu iliyomo katika eneo lake, pasi na kuhitaji nambari ya mtu wala bando, mithili ya adhana iwafikiavyo wote walio jirani na msikiti. Ndiyo sababu tahadhari hupenya hata laini zinapozidiwa na wapigaji. Na Japani imeitumia kwa matetemeko ya ardhi tangu mwaka 2007, nasi wa Singida, tuishio kandokando ya Bonde la Ufa, ambako ardhi nako hutetemeka, hatuna udhuru wa kuipuuza. Nawasihi kwa dhati ya moyo, tazameni leo kama imewashwa; na ujumbe wowote uombao fedha au nambari ya siri, hata ukijidai umetoka mnarani, msiutii.