Unarudi na gari? Anza mwaka mmoja kabla

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mtu anayefungasha virago ng'ambo ili arudi nyumbani, na gari lake. Sisemi juu ya mfanyabiashara wa magari ya mitumba. Huyo hesabu zake anazijua. Nasema juu ya muuguzi au dereva wa basi aliyefanya kazi Uingereza miaka minane, ambaye sasa amesema basi, narudi, na gari langu nakuja nalo.

Mtu huyo sheria inamtambua. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa mtu anayehamia nchini kwa dhati msamaha wa ushuru wa forodha kwa gari moja. Moja tu. Na liwe gari alilolimiliki mwenyewe na kulitumia huko nje kwa muda usiopungua miezi 12, bila kuhesabu siku za gari kuwa majini.

Miezi hiyo 12 ndiyo inayowaliza watu. Desturi yetu tunaijua. Mtu huko ughaibuni anaendesha kigari chochote, anadunduliza, halafu mwezi wa mwisho ananunua gari zuri la kurudi nalo, kwani nani anataka kuonekana mtaani na mkweche baada ya miaka yote hiyo? Sheria yenyewe inataka kinyume chake. Inamhurumia mwenye gari alilokwisha kulizoea, na gari jipya la jana inalihesabu kuwa bidhaa kama bidhaa nyingine.

Tupige hesabu ya Tanzania. Chukua gari la injini ya cc 1,800 ambalo thamani yake, pamoja na bima na nauli ya meli, ni shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 2,500,000. Juu ya jumla hiyo unakuja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, ambao ni 625,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 ya jumla yote, 2,362,500. Tayari ni shilingi 5,487,500, na tozo ndogondogo hatujazigusa. Gari likiwa limezeeka, kuna na ushuru wa uchakavu. Tena usitegemee sana risiti uliyopewa na muuzaji, maana Mamlaka ya Mapato ina viwango vyake vya thamani ya magari yaliyotumika.

Sasa, kumiliki ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine. Mama mmoja ninayemfahamu alirudi kutoka Uingereza na gari alilolitumia miaka mitatu, akilipeleka kazini kila siku. Lakini karatasi zote zilikuwa na jina la kaka yake, kwa sababu kaka ndiye aliyechukua mkopo. Forodhani aliulizwa swali moja tu: gari ni la nani? Alilia, akaeleza, akapiga simu London, na wakati huo wote gharama za kutunza gari bandarini zilikuwa zinapanda kila siku. Mwishowe alilipa ushuru wote. Wapo waliomlaumu ofisa yule. Mimi simlaumu. Angewezaje kulitofautisha gari la mama huyu na yale ambayo watu huyapitisha kwa mgongo wa ndugu anayerudi?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa niwatahadharishe walioko Uingereza: kadi ya gari ya huko imeandikwa waziwazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja mtunzaji aliyesajiliwa, basi. Kwa hiyo weka risiti ya kununulia, weka bima za mwaka mzima, weka karatasi za gereji, vyote kwa jina lako lilivyo katika pasipoti. Na unapoondoka, iarifu mamlaka ya usajili ya huko kwamba gari limetoka nchini moja kwa moja.

Walioko Oman, Marekani au Ujerumani wana kikwazo kingine, usukani. Huko usukani uko kushoto, na sisi barabara zetu ni za usukani wa kulia. Kenya hailisajili gari la usukani wa kushoto isipokuwa la kazi maalumu, na iliyopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza hairuhusiwi kuingia hata kama mwenyewe unaipenda kama mboni ya jicho.

Likishafika, usidhani mambo yamekwisha. Gari linatakiwa liingie ndani ya siku 90 tangu wewe mwenyewe uwasili, ingawa Kamishna anaweza kuongeza muda. Ada za bandari, za wakala na za usajili utazilipa palepale. Na ukimuuzia gari hilo mtu asiye na haki ya msamaha, ushuru uliosamehewa unadaiwa.

Basi aliyeko huko na anafikiria kurudi mwakani, alitazame leo gari lililoko mlangoni pake. Kama ni lake kwa jina, lina usukani wa kulia na umri wake haujapita, aendelee kulitumia hilohilo na karatasi azitie katika bahasha moja. Kama sivyo, aliuze hukohuko, aje na fedha zake.